Hedi na kompresheni kwenye injini ya strit rodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (Chevrolet 350)

Strit rodi ni gari la zamani la Kimarekani, kwa kawaida la kabla ya 1949, lililovuliwa injini yake na kuvalishwa mpya ili litembee barabarani kila siku. Chini ya boneti za Ford za 1932 na wenzake, injini utakayoikuta mara nyingi zaidi ni V8 ndogo ya Chevrolet. Ukoo huo ulianza 1955 na inchi za ujazo 265, na ile ya 350 ikaja 1967 kwenye Camaro. Majibu haya ni ya 350. Vipimo vya urefu tumeviacha kwa inchi kwa sababu ndivyo vinavyoandikwa kwenye maboksi ya vipuri, na ujazo uko kwa cc.

Kwa nini nisinunue hedi nzuri kwanza, mengine nikayatafuta baadaye?

Kwa sababu hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda chenye vali, ni kipande kimoja tu cha chumba ambamo mchanganyiko wa hewa na mafuta unabanwa. Pistoni, gasketi na kimo cha bloku vinachangia chumba hichohicho, na kamshafti, shafti inayofungua vali, ndiyo inayoamua kubana kuanze lini.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza: mtu ana injini ya kawaida yenye pistoni za kikombe (zilizobonyea kichwani), anafunga hedi zenye chemba (shimo la mwako) ya cc 76 kwa kuwa zina vali kubwa, kisha anaongeza kamshafti kali. Injini inaunguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini ukikanyaga mafuta kwenye taa za barabarani inajivuta kama imefungwa jiwe. La pili ni kinyume chake: pistoni bapa, hedi za chemba ndogo, kamshafti ya kawaida. Hiyo inagonga (mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda) kila mlima, na ringi hazimalizi msimu.

Anza na pistoni ulizo nazo au utakazonunua. Hedi zifuate.

Uwiano wa kompresheni unakokotolewaje hasa?

Chukua ujazo wote uliopo juu ya pistoni ikiwa chini kabisa, ugawanye kwa ujazo unaobaki ikiwa juu kabisa. Unaobaki juu una sehemu nne: chemba ya hedi, tundu la gasketi, nafasi kati ya pistoni na uso wa bloku, na vijishimo au kikombe kwenye kichwa cha pistoni. Pistoni ikiwa na kilima, hicho unakitoa badala ya kukijumlisha.

Tuchukue 350 iliyotobolewa inchi 0.030 zaidi, yaani kipenyo 4.030 na mwendo 3.480:

Ujazo unaofagiwa na pistoni moja: cc 727.4.
Chemba ya hedi: cc 64.
Gasketi ya unene 0.041 ikishabanwa, tundu 4.166: cc 9.2.
Pistoni imekaa 0.025 chini ya uso wa bloku: cc 5.2.
Pistoni bapa yenye vijishimo vinne vya vali: cc 6.

Juu kunabaki 84.4. Jumlisha 727.4, unapata 811.8. Gawanya kwa 84.4, jibu ni 9.62 kwa 1.

Badilisha chemba peke yake na uone. Hedi ya cc 76 inaishusha injini hiyohiyo hadi 8.55, na ya cc 58 inaipandisha hadi 10.28.

Sasa weka pistoni za bei nafuu zinazouzwa kwa matengenezo ya kawaida. Nyingi zina kikombe cha cc 12 hivi, na kimo chake kutoka pini hadi juu ni 1.540 badala ya 1.560, kwa hiyo zinakaa 0.045 chini ya uso wa bloku. Kwa chemba ya 64 unapata 8.69. Kwa chemba ya 76 unabaki na 7.82, na hapo hakuna kamshafti wala kabureta itakayokuokoa.

Hiyo 0.025 inatoka wapi?

Bloku ya kiwandani ina kimo cha 9.025 kutoka katikati ya krankshafti hadi uso wa juu. Nusu ya mwendo ni 1.740, konrodi ni 5.700, pistoni 1.560. Jumla 9.000. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Bloku halisi hupishana, na pembe moja inaweza kuwa juu kuliko nyingine. Pima silinda nne za pembeni kwa saa ya kupimia (geji yenye mshale), juu ya pini, siyo ukingoni ambako pistoni inayumba.

Katalogi inasema chemba ni cc 64. Niiamini?

Usiiamini. Hedi ya mitumba inaweza kuwa imesagwa mara mbili kabla haijakufikia, na vali zilizokatwa viti mara kadhaa zimezama na kuongeza ujazo. Kupima kunachukua saa moja hivi.

Unahitaji bureti ya cc 100 (mrija wenye alama za ujazo), kipande cha plastiki ngumu ing'aayo cha unene wa milimita 6 chenye tundu dogo karibu na ukingo, grisi, na spiriti iliyotiwa rangi. Maji yanashika chuma kwa mapovu na yanaleta kutu. Spiriti inateleza vizuri na kukauka.

Funga plagi ileile utakayotumia. Weka vali na springi nyepesi, paka grisi kidogo sana kwenye viti ili visivuje. Laza hedi chali ikiwa imeinama kidogo, tundu la plastiki likiwa upande wa juu. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, bandika plastiki na uibonyeze. Grisi ikimiminikia ndani ya chemba itakudanganya, kwa hiyo futa na urudie. Mimina taratibu hadi povu la mwisho litoke kwenye tundu, kisha soma bureti.

Pima chemba zote nane. Tofauti ya cc 1 kati yake haina shida kwa gari la barabarani. Ikizidi 2, chemba ndogo zikwanguliwe zifikie kubwa, au vali zizamishwe kidogo.

Na vijishimo vya pistoni navipimaje?

Shusha pistoni 0.250 chini ya uso wa bloku, ukithibitisha kwa saa ya kupimia. Ziba mwanya wa pembeni kwa grisi, futa ya ziada, bandika plastiki na umimine. Silinda tupu ya 4.030 kwa kina hicho ingechukua cc 52.3. Bureti ikionyesha 58.3, vijishimo ni cc 6. Kwa pistoni ya kilima shusha inchi 1 kamili, ambayo ni cc 209, na tofauti itakuwa upande wa pungufu.

Kwenchi ni nini, na kwa nini mafundi wa injini hizi wanaing'ang'ania?

Tazama chemba ya hedi: sehemu moja ni shimo lenye vali, nyingine ni chuma bapa. Pistoni inapofika juu, kichwa chake kinakaribia ule ubapa hadi karibu kugusana, na mchanganyiko uliokuwa hapo unafyatuka kwa nguvu kuelekea kwenye plagi. Mwako unakuwa wa haraka, na hakuna mafuta yanayobaki pembeni yakisubiri kulipuka yenyewe. Pengo hilo, yaani kina cha pistoni pamoja na unene wa gasketi, ndilo wanaloliita kwenchi.

Lenga 0.035 hadi 0.045 kwa konrodi za chuma. Chini ya 0.035 unacheza na moto, maana kwa mizunguko mingi konrodi inanyooka, pistoni inayumba, na vyuma vinagongana. Juu ya 0.060 faida yake karibu imekwisha.

Ule mfano wetu wa juu una 0.025 + 0.041, yaani 0.066. Uwiano wa 9.62 ni mzuri, kwenchi ni mbaya. Watu wengi wanaishia hapo bila kujua, halafu wanashangaa kwa nini injini ya jirani yenye 10 kwa 1 haigongi na yao ya 9.6 inagonga.

Kuna njia mbili za kurekebisha. Ya bei nafuu ni gasketi ya bati jembamba ya 0.015: kwenchi inakuwa 0.040 na uwiano unapanda hadi 10.3 hivi. Gasketi hiyo inataka nyuso zilizonyooka kabisa na hedi za chuma. Usiiweke chini ya hedi ya aluminiamu.

Ya pili tunaipenda zaidi. Bloku isagwe hadi pistoni ilingane na uso wake, gasketi ibaki 0.041, kisha uwiano uurudishe chini kwa pistoni yenye kikombe cha umbo la D. Kikombe hicho kinakaa chini ya shimo la chemba pekee, na upande wa pili wa pistoni unabaki bapa kukutana na ubapa wa hedi. Kwa chemba ya 64 na kikombe cha D cha cc 12 unapata 9.54 na kwenchi ya 0.041. Kikombe cha duara kamili kinatoa uwiano uleule bila kwenchi yoyote ya maana, kwa hiyo soma maelezo ya pistoni kabla ya kulipa.

Injini inagonga. Nikiweka gasketi nene si itapoa?

Uwiano utashuka kidogo, na kwenchi utaiua. Mara nyingi inaendelea kugonga vilevile.

Ni hedi zipi za kiwandani zinafaa?

Fungua kava ya vali. Namba iliyosubiwa iko katikati ya roka amu (mikono inayosukuma vali), na mafundi hutaja tarakimu tatu za mwisho.

461, 462, 186 na 291 ni hedi za miaka ya 1960 hadi 1970, chemba ya cc 64. Zinatambulika bila kufungua kitu: mbele ya hedi kuna alama kama nundu mbili za ngamia. Zina jina kubwa kuliko kazi yake ya leo. 461 na 462 hazina matundu ya boliti upande wa mbele, kwa hiyo altaneta na pampu ya stelingi utazitafutia mabano mengine, na kwenye boneti nyembamba ya Ford ya 1932 hilo linakula wikendi nzima. 186 ina matundu. Zote hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, hivyo viti vya vali za egzosi viwekewe ringi ngumu, la sivyo vali zitazama polepole. Ukijumlisha viti, gaidi (vibomba vinavyoongoza mashina ya vali) na springi, mara nyingi gharama inakaribia ya hedi mpya.

882 ni ya miaka ya 1970, chemba cc 76. Inapasuka. Hata ukipewa bure, ipimwe nyufa kwanza, na hata ikiwa nzima bado itakuachia uwiano wa chini.

906 na 062 ndizo hedi za Vortec, zilizotoka 1996 kwenye pikapu na vani. Chemba cc 64, njia za inteki (za hewa inayoingia) cc 170 hivi, vali 1.94 ya inteki na 1.50 ya egzosi. Kwa hela utakayotoa, hakuna hedi ya kiwandani inayozishinda kwenye 350 ya barabarani. Zina masharti yake:

Manifoldi ya inteki lazima iwe ya Vortec, ya boliti 8 zilizosimama. Ya zamani ya boliti 12 haikai.

Mnyanyuko wa vali usizidi takriban 0.460. Zaidi ya hapo kofia ya springi inagonga sili ya gaidi. Ukitaka zaidi, gaidi zikatwe na springi zibadilishwe.

Roka amu zake zinajiongoza zenyewe juu ya ncha ya vali. Usiongeze bamba za kuongozea pushi rodi. Vitu viwili vikigombania uongozi mmoja, kitu kinavunjika.

Kava za vali zinafungwa kwa boliti za katikati. Zile kava nzuri za aluminiamu za zamani, zenye boliti za pembeni, hazitakaa.

Hakuna njia ya moshi wa moto chini ya kabureta. Asubuhi za baridi injini itachelewa kuchangamka.

Nazo hupasuka zikichemshwa, hasa karibu na viti vya egzosi, kwa hiyo zipelekwe kupimwa nyufa kabla ya kutia hela nyingine.

Hedi za 305, injini nyingine ya ukoo huu, ni za bure kila yadi ya vyuma chakavu. Zinafaa?

416 na jamaa zake wa chemba ya cc 58 zinafunga kwenye 350 bila tatizo na zinapandisha uwiano haraka. Zinafaa kwa mtu mwenye pistoni za kikombe: kwa ule mfano wa kikombe cha cc 12 unapata 9.21, ambayo ni namba nzuri. Kwa pistoni bapa ziache. Vali ya inteki ni 1.84 tu, hivyo baada ya mizunguko 4,500 hivi kwa dakika injini inaanza kukosa pumzi. Kwa strit rodi ya kutembelea mjini na familia, hilo halimsumbui mtu.

Njia kubwa za hewa si ndiyo nguvu nyingi?

Kwa 350 inayokaa kati ya mizunguko 1,500 na 5,500, njia za inteki za cc 170 hadi 185 zinatosha kabisa. 195 inaanza kuleta maana ikiwa kamshafti inavuta hadi 6,000. Ukienda 210 na kuendelea, hewa inatembea polepole chini, mafuta yanadondoka kwenye kuta, na gari linakuwa zito kuondoka. Strit rodi nyingi zina kilo 1,100 hadi 1,300 na difu ya mwendo mrefu. Zinataka msukumo wa chini.

Kamshafti inaingiaje kwenye hesabu ya kompresheni?

Pistoni inaanza kupanda huku vali ya inteki bado iko wazi. Mpaka ifunge, hakuna kinachobanwa. Kwa hiyo uwiano wa karatasi ni mmoja, na uwiano unaofanya kazi ni mwingine.

Turudi kwenye injini ya 9.62. Kamshafti ya kawaida ya digrii 252 (kiasi krankshafti inachozunguka vali ikiwa wazi), senta ya inteki (mahali vali inapofunguka zaidi) 106, inafunga vali digrii 52 baada ya kikomo cha chini, na uwiano wa kazi ni 8.38. Ya digrii 268 inafunga kwenye 60, uwiano 7.97. Ya digrii 280 inafunga kwenye 66, uwiano 7.62.

Kwa hedi za chuma na petroli nzuri, tunalenga 7.5 hadi 8.2. Chini ya 7 injini inakuwa mvivu, juu ya 8.5 inaomba petroli ya mashindano. Sasa ona yule mtu wa pistoni za kikombe na chemba ya 76: 7.82 ya karatasi ikikutana na kamshafti ya 280 inakuwa 6.24. Na yule wa pistoni bapa na hedi za 305 mwenye kamshafti ya 252 yuko kwenye 8.94.

Hesabu hii inatumia digrii za vali inapofunga kabisa kitini, siyo zile za mnyanyuko wa 0.050. Kadi ya kamshafti huonyesha zote mbili. Ukichanganya utapata jibu la kutisha lisilo la kweli.

Nitumie petroli ya oktani ngapi?

Kwanza ujue namba ya pampu ni ya kipimo gani. Marekani wanaandika wastani wa vipimo viwili, na utaona 87, 91 na 93. Afrika Mashariki, Omani na Ghuba yote, na Ulaya, namba ni ya RON, kimojawapo cha vipimo hivyo viwili, ambayo kwa petroli ileile huwa juu kwa 4 au 5 hivi. Kwa hiyo maelekezo ya Kimarekani yakikutaka 91, tafuta 95 au 96 ya RON. Aliyeko Muscat akajaza 91 kwa kufuata kitabu cha Kimarekani amejaza petroli ya chini kabisa ya pampuni, na joto la huko nalo linamsubiri.

Mwinuko unasaidia. Denver iko mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, na pampu za huko zinauza hata 85. Nairobi iko juu kidogo ya hapo. Injini iliyotulia Nairobi inaweza kuanza kugonga ikishuka Mombasa, hivyo taimingi (wakati plagi inapowasha) ipangwe kwa mahali pa chini kabisa gari litakapofika.

Chuma au aluminiamu?

Aluminiamu inaondoa joto haraka kwenye chemba, kwa hiyo inavumilia uwiano wa karatasi wa juu kwa nusu hadi pointi moja. 9.5 ya chuma ni kama 10 au 10.3 ya aluminiamu. Uzito unapungua kilo 20 hivi kwa jozi. Ila hesabu tundu la plagi: hedi nyingi za aluminiamu za dukani zina plagi zilizoinama, na paipu za egzosi zinazopita kati ya injini na sanduku la stelingi zinaweza kugusa waya wa plagi. Jaribishia egzosi kabla ya kupaka rangi.

Boliti za hedi ya aluminiamu lazima ziwe na washa ngumu chini ya kichwa.

Naweza kusaga hedi ya cc 76 ifike 64?

Hapana. Kila cc 1 inataka kusaga takriban 0.006 hadi 0.007, kwa hiyo cc 12 ni zaidi ya 0.070. Hedi za miaka ya 1970 zina uso mwembamba, na hatupendekezi kupita 0.030, yaani cc 4 au 5. Hata kwa hizo, hedi zikishuka njia za inteki hazilingani tena na manifoldi. Kwa kila 0.010 iliyotoka chini, upande wa manifoldi nao utolewe kama 0.012. Usipofanya hivyo, boliti za manifoldi zitakaza pembe na injini itafyonza mafuta ya kulainisha kutoka chini. Dalili yake ni moshi wa bluu na silansa inayokohoa huku ringi zikiwa nzima.

Baada ya kusaga, pima nafasi kati ya vali na pistoni kwa udongo wa kuchezea watoto: bandika kipande kwenye vijishimo, funga hedi na gasketi iliyotumika, zungusha krankshafti kwa mkono mara mbili, fungua, kata udongo katikati na upime. Inteki isipungue 0.080, egzosi 0.100.

Nikifunga krankshafti ya mwendo mrefu, inchi 383, hedi zilezile zinafaa?

Zinafaa, lakini uwiano unaruka. Mwendo wa 3.750 kwenye 4.030 unafagia cc 783.8. Pistoni bapa iliyolingana na bloku, chemba ya 64, gasketi ya 0.041: 10.90. Kwa hedi ya chuma hiyo ni nyingi mno. Tafuta kikombe cha D cha cc 18, urudi 9.59.

Na bloku ya 400?

Ile ina matundu madogo ya mvuke kati ya silinda zilizoshikana. Hedi ya 350 lazima itobolewe matundu hayohayo kwa kutumia gasketi ya 400 kama ramani. Ukisahau, mvuke unanaswa na hedi inapasuka.

Kufunga hedi: kuna mtego gani?

Boliti 17 kila upande, na matundu yake yanaingia kwenye maji. Uzi wa kila boliti upakwe sili, si mafuta peke yake, la sivyo maji yatapanda taratibu na kuingia kwenye oili. Safisha matundu kwa tapi, piga hewa. Kaza kuanzia katikati ukitoka nje kwa duara, hatua tatu: Nm 34, 61, kisha 88. Hiyo ni kwa boliti za kawaida na hedi za chuma. Boliti za aina nyingine zina namba zake.

Taimingi niweke ngapi?

Hedi za zamani: jumla ya digrii 34 hadi 36 bila advansi ya vakyumu (kifaa kinachowahisha plagi kwa mvuto wa inteki). Vortec zinaunguza haraka, 32 hadi 34 zinatosha. Ukiona Vortec inataka 38 ili ivute, kagua alama ya pulia. Ringi ya nje ya pulia za zamani huteleza juu ya mpira na alama inasema uongo.

Nitajuaje injini inagonga ikiwa egzosi zina kelele?

Soma plagi. Chomoa baada ya kuvuta mlima kwa nguvu na kuzima papo hapo. Kauri yenye vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni onyo. Vijipande vinavyong'aa ni aluminiamu ya pistoni, na hapo usiendeshe tena mpaka umerekebisha.

Kabla ya kulaumu kompresheni, kagua mambo ya nje: advansi ya vakyumu iliyounganishwa pamoja na springi laini za distribyuta, jeti ndogo za kabureta, plagi ya joto sana, na redieta. Strit rodi nyingi zinachemka kwa sababu redieta imebanwa nyuma ya grili nyembamba na feni haina kava ya kuelekeza hewa. Kila digrii ya joto inayoongezeka kwenye maji inaisogeza injini karibu na kugonga, na hesabu yako ya 9.6 haikujua hilo.

Geji ya kompresheni inapaswa kusoma ngapi?

Injini ikiwa na joto, plagi zote nje, kabureta wazi kabisa, betri imejaa, izungushe mapigo matano au sita. Kwa injini iliyopangwa kama hapa, psi 150 hadi 180 ni sawa. Ikipita 190 na hedi ni za chuma, tarajia kuzozana na petroli. Ikisoma 120 kwenye silinda zote na injini ni mpya, usikimbilie ringi: kamshafti imefunga vali kwa kuchelewa mno kwa uwiano ulio nao, au cheni ya taimingi imeruka jino moja. Silinda mbili zilizo jirani zikisoma chini pamoja, gasketi imepasuka katikati yake.